Mama mkwe kauwekea mbolea ya CAN mmea wangu unaokula wadudu, bado unapona? Na mbolea yake sahihi ni ipi?

BintiUyole (Mbeya), 9 Februari

Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni. Mwenzenu nina msiba mdogo hapa nyumbani naombeni msinicheke. Nina ule mmea unaokula wadudu, Nepenthes, ule wenye majani marefu halafu kwenye ncha ya jani inatoka kamba, na mwisho wa kamba kunaning'inia kama kibuyu chenye mfuniko na maji ndani. Niliachiwa na dada mmoja mzungu alikuwa anajitolea Iringa, muda wake ulipoisha akasema hawezi kupanda nao ndege, akanipa na kikaratasi kimeandikwa Nepenthes ventrata na maelekezo mawili tu, maji ya mvua na usiweke mbolea. Basi. Mwaka na nusu umekaa dirishani sebuleni upande wa jua la asubuhi, unatoa vibuyu vyake vizuri, wageni wakija ndo wa kwanza kuulizwa, watoto wa jirani wanauletea sisimizi kama sadaka.

Sasa mwezi wa kwanza mama mkwe akaja kutusalimia kutoka Tukuyu. Mama wa watu ni mkulima, akichomeka hata fimbo inaota. Akauangalia akasema mbona majani yamepauka, huu mti una njaa. Mimi nikaenda zangu kazini, na baba watoto alikuwa amenunua CAN ya kukuzia mahindi, mfuko uko stoo umefunguliwa. Mama akachota kisoda kimoja, vile vile anavyoweka kwenye shina la mhindi, akafukia pembeni ya mmea akamwagia jagi zima la maji ya bomba. Jioni ananiambia kwa furaha kabisa, mwanangu leo nimeulisha mti wako. Nikasema asante mama. Ningesema nini.

Hiyo ni wiki mbili na siku kadhaa sasa. Ncha za majani zimekuwa kahawia kama zimepitiwa na moto, vibuyu vinne kati ya saba vimekauka kuanzia mdomoni kushuka chini, juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Jani jipya limetoka kubwa, kijani kibichi, zuri hilo, ila mwisho wa kamba hakuna kibuyu, kuna kadude kadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti na kenyewe kamekauka.

Bado unapona huu? Na ni kweli hautakiwi mbolea maisha yake yote? Maana hata kabla ya CAN kiukweli ulikuwa umepauka, nina neti kila dirisha, nzi wenyewe wa kuhesabu. Kama inatakiwa ni mbolea gani, kiasi gani, inawekwa wapi. Mama bado yupo na kila asubuhi anauliza mti unaendeleaje.


Kandambili (Makambako)

Mmea unakula nyama halafu unalazwa na CAN, aisee. Upe supu ya kongoro dada, utaamka wenyewe


ShambaNiMali (Mbozi)

Dada tatizo hapo sio CAN, tatizo ni kipimo na kukosa maji ya kutosha baada ya kuweka. Mimi nalima mahindi na kahawa miaka mingi, mmea ni mmea tu. Chukua samadi ya kuku iliyokaa miezi mitatu changanya na udongo mweusi wa msituni, hamishia humo, baada ya wiki piga busta ya majani. Utanishukuru.


TichaMafinga (Mufindi)

Kamwene dada BintiUyole, pole sana, na mama naye asilaumiwe, amefanya anachokijua na kwa mahindi angekuwa sahihi kabisa. Mkuu wa Mbozi nakuvulia kofia kwenye kahawa lakini hapa hapana, samadi ya kuku kwa mmea huu ni kumalizia alichoanza CAN. Dada usifanye hilo tafadhali.

Nianze na la haraka. Mvua ikinyesha leo huko Uyole kinga maji. Chukua kijiko, ondoa udongo wote wa juu wenye ule ukoko, na pale mama alipofukia chimba utoe hata kama chembe huzioni tena, CAN inayeyuka upesi kwahiyo nyingi imeshashuka. Halafu weka chungu mahali maji yatapita na kwenda zake, mwagia maji ya mvua taratibu kiasi cha mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, yaani kama chungu ni cha lita mbili pitisha lita sita mpaka nane, pumzika robo saa, rudia. Keshokutwa rudia tena. Usikiache kwenye sahani yenye maji yaliyotoka, ile chumvi itanyonywa irudi palepale. Mimi ningeenda mbali zaidi nikaubadilishia udongo wote, maana kisoda kizima kwa chungu cha ndani ni kingi mno, shina la mhindi lina shamba zima la kutawanyia mizizi, huu hauna pa kukimbilia.

Ukiutoa kwenye chungu utaona mizizi ni myeusi, myembamba kama nywele. Usishtuke wala usikate, mizizi ya Nepenthes ni myeusi kwa maumbile yake, wengi wanaipunguza wakidhani imeoza kumbe ndo wanaua. Iliyooza inajulikana kwa vidole, ukibonyeza ni laini, ganda linavuka, harufu mbaya. Hiyo ndo uondoe.

Sasa kwa nini imekuwa hivi. Mmea huu kwao ni Borneo, Sumatra, Ufilipino huko, wa karibu yetu kabisa wako Madagaska na Shelisheli, Afrika bara haumo porini. Sehemu nyingi unakoota udongo ni maskini, mvua inasomba kila kitu, basi mizizi ikabaki na kazi ya kushika na kunywa maji, shughuli ya kutafuta nitrojeni ikahamia kwenye kibuyu. Mdudu anafuata utamu mdomoni, anateleza, anazama, ndani kuna asidi na vimeng'enya vinamyeyusha, na ukuta wa kibuyu wenyewe ndo unafyonza. Wewe sasa ukiweka CAN, ambayo nitrojeni yake ni asilimia 26 au 27 kutegemea na mfuko, chumvi inakuwa nyingi nje ya mzizi kuliko ndani, maji badala ya kuingia yanavutwa kutoka. Ndo maana ncha zimeungua kama mmea una kiu wakati udongo umelowa chepechepe. Na lile jani kubwa la kijani lisilo na kibuyu nalo ni CAN hiyohiyo. Kutengeneza kibuyu ni gharama, mmea ukipata nitrojeni ya bure kutoka chini unaona kibuyu cha nini. Unanawiri majani tu, mtu asiyejua anafurahi.

Lakini huyo dada aliyekwambia usiweke mbolea alikusudia usiweke kwenye udongo. Kulishwa unalishwa, tena ndani ya nyumba yenye neti ni lazima uulishe, ila unalishwa mdomoni. Mwambie mama hivyo, mdomo wa huu mti uko juu.

Kabla sijaendelea niambie, ukimwinamisha kibuyu kilicho kizima kuna maji ndani? Na maji unayomwagilia siku za kawaida ni ya wapi?


BintiUyole

Mwalimu shikamoo, na asante mno, nimesoma mara mbili. Nimeanza kuusafisha jana maana mvua huku haina shida, maji yaliyotoka mwanzo yalikuwa na rangi kama chai. Vibuyu vitatu vilivyobaki viwili vina maji kidogo chini, kimoja kikavu kabisa, nadhani watoto walikipindua.

Maji natumia ya mvua tukishakinga kwenye simtanki, ila mwaka jana kuanzia mwezi wa nane yalikwisha nikawa nachemsha ya bomba napoza ndo namwagia. Nilidhani kuchemsha kunayasafisha. Na kuna mtu kazini ananiambia eti ninunue maji ya betri sheli, hilo nalo likoje?


TichaMafinga

Marahaba. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiendi popote, na kwa kuwa mvuke umepotea inabaki imezidi kidogo kuliko mwanzo. Kupauka kwako kunaweza kuwa na sababu mbili zimekutana, njaa na hayo maji ya Agosti mpaka Novemba. Ya chupa ya kunywa nayo hapana, yale yanaachiwa madini kwa ajili ya ladha.

Maji ya betri yapo ya aina mbili na watu wanayachanganya majina. Kuna yale ya kuongezea, ambayo ni maji yaliyotonwa (distilled) hayana kitu ndani, hayo yanafaa kabisa. Na kuna asidi yenyewe ya kujazia betri mpya, mtu wa sheli ukimuuliza maji ya betri anaweza kukupa yoyote. Asidi ni asidi ya salfa dada, itakutoboa nguo na ngozi mbali na mmea. Soma chupa, kama haijaandikwa waziwazi kuwa ni maji yaliyotonwa iache hapohapo. Mimi mwenyewe siyanunui, nina mapipa mawili ya lita 200 najaza Machi na Aprili yanafunikwa yasiingie mwanga, mmea mmoja wa dirishani hauyamalizi. Mvua ya kwanza ya Novemba usikinge, hiyo inaosha vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi sita juu ya bati. Kuna kile kipimo cha kuchovya cha TDS, kinapima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, wanaofuga samaki wanacho, ikisoma chini ya 50 kaa kwa amani.

Udongo wa kuhamishia, hapa Mufindi tuna bahati, mashine za mbao za paini kila kona na maganda wanatupa. Chukua maganda ya zamani sio mabichi yenye utomvu, vunja vipande kama punje ya mahindi mpaka kidole gumba, loweka kwenye maji ya mvua wiki nzima ukibadilisha. Changanya na mkaa uliopondwa na kuoshwa mpaka usitoe majivu hata kidogo (majivu yana chumvi yake na hayapatani na huu mmea), na yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini ambayo nyie wa Mbeya na Rungwe mnayakanyaga bure. Ukipata makapi ya nazi sawa ila ya pwani mara nyingi yana chumvi, nayo yaloweke na kusuuza sana. Mbolea usichanganye chochote humo.

Kile kibuyu kikavu kijaze maji yako ya mvua mpaka theluthi moja, nusu mwisho. Usikijaze mpaka mdomoni, kinaelemewa kinapinduka na dawa yake yote inakuwa nyepesi. Vile viwili usivimwage wala kuvisafisha, ile supu chafu ndo tumbo lenyewe.

Kulisha bado, subiri. Mgonjwa akitoka kutapika hapewi ndafu. Mpe mwezi au zaidi mpaka uone jani jipya linakuja bila kuungua.


UsipaFresh (Kyela)

Ndaga fijo mwalimu kwa somo. Mimi ninao huu mmea pia niliutoa Dar, huku Kyela joto unastawi balaa. Nauwekea usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, mmoja mzima kila kibuyu kila Jumapili, ni protini tupu. Mbona hauna shida?


TichaMafinga

Mkuu nyumba yako inanukaje lakini

Natania. Ila nisikilize, usipa mzima ni mwingi. Uliokaushwa juani bila chumvi kidogo afadhali, uliopitishwa chumvi ni CAN ya aina nyingine. Shida yake ni mafuta na wingi, kibuyu kinameng'enya protini kwa siku kadhaa mpaka wiki chache, mafuta hayaendi, kinachobaki kinaoza, bakteria wanazidi nguvu, kibuyu kinakuwa cheusi kuanzia chini. Angalia vibuyu vyako vinadumu muda gani. Kibuyu kizima kinaweza kukaa miezi kadhaa, chako kikifa ndani ya wiki tatu baada ya usipa ujue ndo hivyo, na kwa joto la Kyela kinaoza haraka zaidi kuliko huku kwetu baridi. Ukitaka kuendelea, saga uwe unga, chukua kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, kibuyu kimoja au viwili kwa mwezi. Sio vyote. Kinachoingia kibuyu kimoja kinasambaa mmea mzima, hauna haja ya kumlisha kila mdomo.


UsipaFresh

Vinadumu wiki tatu nne mwalimu. Nilidhani ndo umri wake 😅


DadaOrkidi (Njombe)

Naomba niongeze la kwangu maana nilishalipa ada. Mimi nipo Njombe mjini, nao mmea wangu ni wa dirishani, wadudu huku mwezi wa sita na wa saba hakuna hata wa dawa. Nilisoma kwamba kuna wanaotumia Osmocote, zile punje za mviringo zenye ganda zinaachia mbolea pole pole, wanatumbukiza ndani ya kibuyu. Nikatumiwa kapakiti na ndugu yangu. Nikaweka punje sita kwenye kibuyu cha urefu wa kidole cha shahada. Ndani ya siku kumi kimesinyaa kama zabibu kavu. Nikajua nimeua. Lakini kumbe kilichokufa ni kibuyu tu, mmea haukutikisika, na hapo ndo nikaelewa uzuri wa kulishia juu, ukikosea unapoteza kibuyu kimoja, ukikosea chini unapoteza mmea.

Sasa hivi naweka punje moja kwa kibuyu kidogo, mbili kwa kikubwa kinachozidi shubiri, tena kibuyu kikishapata hakipati tena maisha yake yote, nasubiri kingine kifunguke. Rangi ya majani imerudi, vibuyu vimeongezeka ukubwa. Na nazificha hizo punje kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, nina mjukuu wa miaka miwili, ukiziona zinafanana na pipi kabisa.


ShambaNiMali (Mbozi)

Nimesoma yote, nakubali nilikosea samadi. Ila swali langu la kweli sio la ubishi, kama mnaweka Osmocote kwenye kibuyu ambayo ni NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu), kwa nini mtu asichukue NPK ya kawaida au urea akayeyusha kidogo sana akaweka kwenye kibuyu hichohicho? Ni nitrojeni ileile.


TichaMafinga

Swali zuri sana hili mkuu, na jibu ni kwamba tofauti iko kwenye mwendo. Nitrojeni ni ileile kweli. Punje yenye ganda inaachia kidogo kidogo kwa miezi, kibuyu kinapata muda wa kufyonza. Urea ni asilimia 46 na inayeyuka papo hapo, chembe moja ndani ya maji kiasi cha vijiko viwili ni dozi kubwa, na kupima chini ya hapo kwa macho huwezi. Ukiwa na mbolea ya maji ya orkidi au ya maua ya ndani unaweza, ila punguza mpaka robo ya kipimo kilichoandikwa au chini yake, mfano pakiti ikisema kijiko kimoja cha chai kwa lita nne wewe weka robo kijiko kwa lita nne zile zile, za maji ya mvua, halafu tia matone ndani ya kibuyu au pulizia majani kwa ukungu mwembamba mara moja kwa mwezi, udongo ukiufunika na nailoni. Mbolea ikidondokea kwenye udongo kila mwezi kidogo kidogo utafika kulekule kwa kisoda cha mama, kwa barabara ndefu. Kila baada ya miezi miwili mitatu pitisha maji mengi ya mvua kuosha.

Busta za shambani mimi siziamini kwenye mmea huu, nyingi zina mchanganyiko wa vitu na homoni ambavyo hata pakiti haisemi vizuri.

Ila kwa maoni yangu chakula bora bado ni mdudu. Sisimizi, nzi, mende mdogo, panzi mdogo, asizidi theluthi ya upana wa kibuyu. Aliyekufa ni sawa. Sharti moja, asiwe amekufa kwa dawa ya kupulizia, na chumba chenye mmea usipulize dawa ya mbu, utakuwa unamlisha sumu. Nyama, yai, maziwa, jibini, mkate, hapana kabisa, na Kandambili supu yako ya kongoro kunywa mwenyewe.


Kandambili (Makambako)

Nimeinywa tayari mwalimu. Lakini mdogo wangu yupo Makete anasema huko kwenye tindiga kuna vimmea vyekundu vidogo vina matone yanang'aa kama asali, mdudu akitua ananasa. Huo si ndo ndugu yake? Si bora BintiUyole akachimbe huko bure kuliko kuhangaika


TichaMafinga

Hayo ni ya aina ya Drosera, yanatega wadudu kwa gundi sio kwa shimo, Tanzania tunayo, kandokando ya chemchemi na tindiga hasa kwa udongo usio na rutuba, hata huku pembeni ya vinyungu, bustani zetu za mabondeni, nimeshaonyesha wanafunzi. Ndugu kwa tabia, kwa ukoo wako mbali kidogo. Kanuni ni moja, mizizi haitaki mbolea.

Kuchimba hapana mkuu. Kama ni ndani ya Kitulo ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hata ua huruhusiwi kuchuma. Na hata nje ya hifadhi, ukiitoa kwenye tindiga ukaileta sebuleni na maji ya bomba wiki tatu imekufa. Tulishamaliza orkidi za huko kwa kuchimba viazi vyake kupeleka Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo, tusianze na hizi.

Nje ya mada kidogo ila naona mama wa BintiUyole atalipenda hili, kule Borneo kuna Nepenthes inaitwa lowii, vibuyu vyake vya utu uzima havina shida na wadudu. Kuna kinyama kama kindi kinakuja kulamba utamu kwenye mfuniko, kinakaa juu ya kibuyu kama kwenye choo, na kinajisaidia humohumo. Watafiti walipima mwaka 2009 wakakuta zaidi ya nusu ya nitrojeni ya majani inatoka kwenye kinyesi hicho. Kwahiyo ShambaNiMali na samadi yako hukuwa mbali sana, ni mahali pa kuiweka tu.


ShambaNiMali (Mbozi)

🤣🤣🤣 hapo mwalimu umenirudishia heshima


BintiUyole, 17 Mei

Wadau nimerudi, samahanini kwa ukimya. Nilibadilisha udongo kama mwalimu alivyosema, maganda ya paini nililetewa na dereva wa basi la Mafinga kwenye kiroba, mawe mepesi aliokota mume wangu barabara ya Tukuyu. Mizizi ilikuwa nusu imeoza kweli, nikatoa ile laini nikaacha myeusi migumu. Machi nzima mmea ulikaa tu kama umenuna. Majani mawili ya chini yalikufa. Vile vibuyu vilivyokauka niliendelea kuvitazama kila siku nikidhani vitarudi, na lile jani kubwa la CAN nalo halikutoa kibuyu mpaka leo.

Mwanzoni mwa Aprili likatoka jani jipya, dogo, limepauka, halijaungua. Mwisho wake kakaanza kadude kanavimba, kanajaa, nikawa nashindwa kupita dirishani bila kuchungulia. Wiki iliyopita kamefungua mfuniko. Kadogo, kama kidole gumba changu, mdomo mwekundu. Ndani kuna maji yake mwenyewe.

Mama alikuwa amesharudi Tukuyu, nikampigia, akaniuliza sasa nani anaulisha. Nikamweleza habari ya mdomo uko juu. Akacheka sana na ile habari ya kindi. Juzi kanitumia kopo kwa basi, la kumbikumbi, anasema alikausha tangu Desemba, niulishe mti. Maswali mawili ya mwisho mwalimu, naanza kulisha sasa na hiki kibuyu kimoja? Na kumbikumbi wanafaa?


TichaMafinga

Hongera dada, hongera sana. Yale ya zamani hayarudi, kamba ikishakauka ncha imekwisha, vibuyu vipya vinakuja na majani mapya tu.

Kulisha sasa hivi weka mdudu mmoja mdogo, sisimizi wawili watatu wanatosha, basi mpaka kifunguke kingine. Na tunaingia baridi, Juni na Julai huko Uyole usiku panaumana, mmea utapunguza mwendo, ukipunguza nawe punguza, ukisimama acha kabisa, utaanza tena Septemba joto likirudi. Usiku wa baridi kali usogeze mbali na kioo. Punje za DadaOrkidi usizitafute mwaka huu.

Kumbikumbi wanafaa ila wana mafuta, toa mbawa, mmoja tu kwa kibuyu kikubwa, hicho cha sasa ni kidogo mno. Ila kabla ya yote onja mmoja kwanza. Kama mama aliwakausha tu sawa. Kama aliwakaanga na chumvi kidogo kama wanavyofanya wengi, mmea usipewe hata mmoja.


BintiUyole

Nimeonja. Wana chumvi. Na nusu kopo limeshaisha 🙈


Kandambili (Makambako)

Lililobaki tuma Makambako